Betri Sita za Kompyuta Moja

Mpaka leo jambo hili limenishinda: funguo za Kinyozi zilikuwa mfuko wa kulia wa suruali, na betri ikamlipukia mfuko wa kushoto. Ni betri ya sigara ya umeme, nene kuliko kidole gumba. Alikuwa nazo mbili, zote zimetolewa siku moja kwenye kompyuta moja mbovu na Fundi Simu, ambaye kibanda chake kinatazamana na benchi letu. Ile iliyolala na funguo, chuma kinachoweza kuunganisha ncha zake, haikufanya kitu. Iliyokuwa peke yake ndiyo iliyomchoma paja. Siku ya tatu Kinyozi alikuwa bado wodini, nasi tuko pale pale, tumeegemea ukuta wa saluni yake iliyofungwa, vikombe mkononi, na kila mtu anajua kilichotokea.

— Joto la paja, alisema Dereva, ambaye alistaafu zamani ila jina halikustaafu. Mtu anasimama kutwa ananyoa, damu inakwenda wapi? Inashuka miguuni. Betri ikachemka.

— Mbona mimi nasimama kutwa na simu yangu haijalipuka? aliuliza Muuza Kahawa.

— Wewe huna damu, una kahawa.

Tulicheka kidogo, tukaona haya.

— Shida ni chaja, alisema Profesa. Hajawahi kufundisha popote, ila husoma kila karatasi inayokuja ndani ya boksi. Kinyozi alikuwa anaziunga na chaja ya simu, anaiacha juu ya godoro, anakwenda kazini. Betri hizi zina chaja yake, inajikata zikijaa, na unakaa karibu unaitazama. Ukizibeba, unatia kwenye kikasha cha plastiki. Mfukoni haziwekwi.

— Ulimwambia?

— Nilikuwa namngoja aniulize.

Muuza Kahawa alimwongezea kahawa bila kumtazama.

— Basi mimi nasema zile ni pacha, Dereva akarudi. Umewatenganisha, mmoja huku, mwingine kule. Lazima mmoja akasirike.

— Mzee, hiyo ni betri, si mtoto.

— Na ule mnara wa simu juu ya paa la benki? Tangu usimikwe, kuku wa jirani yangu hatagi. Moto unashuka kutoka kule, unatafuta pa kuingia.

— Unapita watu wote hao, unaingia suruali ya Kinyozi?

— Yule ana mkosi tangu utotoni. Hilo nalo unabisha?

Fundi naye alikuwa nasi benchini tangu asubuhi. Kahawa yake ilikuwa imeshapoa.

— Ni ganda, alisema.

— Ganda gani?

— La betri. Zikitoka kwenye kompyuta, plastiki yake imechanika. Nazivalisha mpya, ya kijani. Ile plastiki nainunua ikiwa imeviringishwa, inakuja na maandishi tayari. Amperi thelathini na tano, yaani umeme ambao betri inaweza kutoa kwa mara moja. Kinyozi akaniuliza, Fundi, hii itahimili? Nikamwonyesha namba.

— Na betri yenyewe inahimili ngapi? aliuliza Profesa.

— Sijui. Kompyuta inakunywa umeme kidogo kidogo. Ile sigara inaugugumia kwa mkupuo. Nilikuwa nalijua hilo, ndugu zangu. Lakini namba nilikuwa naiona kila siku, mwisho nikaiamini.

Hakuna aliyemkaripia. Nani angeanza? Sisi ndio tuliomsumbua Kinyozi aache sigara za kiberiti kwa sababu ya kile kikohozi, na tukampigia makofi alipokuja na kidude kinachonukia machungwa.

Hapo akatokea mke wa Kinyozi, Shemeji, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Anatoka wodini. Tulisimama wote.

— Pole, shemeji. Anaendeleaje?

— Leo wamemsafisha kidonda. Nilimsikia nikiwa getini.

— Mungu atamponya.

— Amina. Fundi, ile kompyuta ilitoa betri ngapi?

— Sita, shemeji.

— Mume wangu alichukua mbili. Nne ziko kwa nani?

Fundi alitutazama mmoja mmoja, kama aliyetuachia jibu tumtunzie.

— Mmoja alivaa kofia, alisema. Na dada mmoja, mrefu.

— Pengine iko moja kwenye chaja saa hizi, alisema Shemeji. Kitandani kwa mtu.

Dereva alikiweka kikombe chini.

Uamuzi ulipatikana haraka. Kibanda kifungwe. Fundi apite nyumba kwa nyumba, sisi tumsindikize, tuulizie kila mwenye sigara ya umeme. Ganda la kijani likionekana, betri itolewe kwenye chaja, ncha zake zizibwe kwa utepe, itiwe kwenye ndoo ya mchanga, nje, mbali na nyumba. Profesa alieleza vizuri mno. Kisha Fundi akasimama, akafika mlangoni mwa kibanda, akarudi akakaa na viganja katikati ya magoti. Dereva anaumwa mgongo. Profesa alikuwa na miadi. Muuza Kahawa hakuweza kuacha jiko. Mimi nami nilikuwa na sababu, tena nzuri, ila siikumbuki.

Shemeji alimwomba Fundi utepe. Akachukua ndoo ya saluni iliyobaki nje, akachota mchanga wa wajenzi kando ya barabara, akaanza na mlango wa kwanza. Alizunguka peke yake siku nne, kati ya saa za kuona wagonjwa. Alipata tatu.