Kikapu Kilicholegea na Kikombe cha Tatu

Makasisi wetu, majirani wa Bishoftu, nanyi wa chama chetu cha mazishi, familia imenituma niwasomee maisha ya Dokta Mekuria Habtewold, mtu ambaye, mnajua wenyewe, hakukaa kitako hata siku moja. Mjane wake, Bi Asnakech, mnamwona pale mbele ameshika kibakuli kilichofunikwa kitambaa, na amekataa kupokewa. Tutafika hapo, vumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 mwezi wa Hidar 1946 kwa kalenda yetu, huko Ankober, mtoto wa tatu wa mkulima wa teff, nafaka yetu ya punje ndogo, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Debre Berhan, kisha kilimo Alemaya, alikohitimu mwaka 1968. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kituo cha mbegu hapa mjini, kazi yake kuzalisha teff mpya, kazi ya sindano na kioo cha kukuzia, maana ua la teff hufunguka alfajiri na hujichavusha lenyewe usipoliwahi.

Mikono ile ikitoka shambani haikujua kupumzika. Alipiga masinko, zeze letu la uzi mmoja, hadi mbwa wa mtaa wakahama, akachora malaika wote kwa sura ya mama mkwe wake, naye mama mkwe akauliza, “Mkwe wangu, mbona malaika wako wanakodoa macho kama wamenyimwa chakula?” Akasuka na vikapu, kazi ya wanawake, na alichokimaliza kililegea hata wanawake wa mtaa wakakicheka waziwazi.

Alifunga ndoa na Bi Asnakech tarehe 20 Tir 1973, wakajaliwa Rahel na Yonas. Kila kahawa ya nyumba hiyo mkewe alimsihi, “Baba Rahel, kaa basi, hatujafika kikombe cha tatu, cha baraka,” naye akajibu akiwa mlangoni, “Niwekee, nakuja,” na kikombe kikapoa.

Baada ya kustaafu alihangaika miaka mingi na teff fupi isiyolazwa na upepo, akaipata, na mbegu yote akaihifadhi kwenye chungu kidogo jikoni, penye ukavu, bila kumwambia mtu. Moyo ulipoanza kumsumbua, mwezi wa Megabit mwaka huu, wageni wakajaa, unga ukapungua, na Bi Asnakech, kama mwenye nyumba yeyote miongoni mwetu, akaona aibu mgeni aondoke na njaa, akasaga teff ya chunguni.

Marehemu alimega injera, mkate wa teff hiyo, akatafuna, akauliza, “Mama Rahel, teff hii umeitoa wapi?” Akaambiwa. “Basi, angalau nimejua ladha yake,” akasema, akageukia ukutani. Tangu hapo Bi Asnakech hajatia injera kinywani, anasema amemuua mumewe kabla ya ugonjwa.

Tarehe 1 Sene marehemu akaagiza, “Nileteeni kile kikapu mnachokicheka.” Ndicho alichopepetea mbegu ile. Rahel akachokoa kwa sindano katikati ya nyasi zilizolegea, zikatoka punje chache, zikalazwa kibakulini kwenye pamba yenye maji. Marehemu aliziulizia kila alipoamka, hazikuwa zimeota, na alfajiri ya jana, tarehe 3 Sene, akafariki akiwa bado anauliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa kituoni, majirani mliokesha nasi, na chama chetu kwa hema na chakula.

Asubuhi ya leo, kabla ya jeneza kutoka, Bi Asnakech alifunua kibakuli. Zimeota, na mvua za Hamle, mwezi ujao, zitazikuta shambani. Amekuja nazo akuonyeshe, Dokta, na jioni ataonja injera. Basi sasa keti, kikombe cha tatu kinakuja kingali cha moto. Pumzika kwa amani.