Kiapo cha Jervis Maddock

Jumapili, tarehe 13 Mei 1683, mvua ilinyesha hapa Wexcombe tangu alfajiri hadi jioni. Naanza na siku hiyo, ingawa kaka yangu, marehemu Jervis Maddock, alizaliwa tarehe 9 Machi 1640, mtoto wa kwanza wa mshona glovu Walter Maddock na mkewe Tamsin.

Alisoma miaka mitatu kwa mwalimu wa parokia. Akiwa na miaka saba alimwambia mama kwamba paka wa jirani ameiba jibini. Paka akatupwa mtoni. Wiki hiyohiyo mama aliokota maganda ya jibini chini ya godoro la Jervis, akasema, "Huyu mwanangu ana mdomo wa wakili." Tulicheka sote. Sasa sicheki.

Mwaka 1666 alimwoa Alse Budden, wakajaliwa binti mmoja, Prudence. Kazi ya glovu ilimshinda. Sheria ilipompa kila mshtaki theluthi ya faini za wanaosali nje ya kanisa la mfalme, akapata kazi ya kumfaa.

Aliapa mbele ya hakimu kwamba Jumapili ile alijificha nyuma ya ghala la mfumaji Silvanus Keech, akamsikia akihubiri saa nzima. Watu wa Keech hukaa kimya wakimngoja Roho, na siku hiyo hakuna aliyefungua kinywa. Wala Jervis hakuwapo. Alikuwa kwangu, amefunga shavu kwa kitambaa, akililia jino. Niliandika hivyo katika daftari langu, pamoja na mvua.

Hakimu alimtaka Keech naye aape, yaishe. Dini yao inawakataza kuapa.

"Siapi, bwana. Nimeshakwambia kweli."

Jervis akanyoosha mkono. "Nipe mimi hicho kitabu, mheshimiwa. Mzee mkono wake mzito. Wangu umezoea."

Watu wakacheka. Mimi, karani wa hakimu, nikakiandika kiapo chake bila kusema neno. Faini ilikuwa paundi ishirini. Askari walichukua vitanda viwili vya kufumia na koti la Keech, havikutosha, wakamfunga. Alikufa kwa homa ya gerezani tarehe 20 Januari 1684.

Marehemu Jervis aliugua uvimbe wa koo tangu Novemba, akafariki tarehe 2 Machi 1687. Ameacha mjane wake Alse, Prudence, na mimi mdogo wake, Edmund. Ameacha pia Hannah Keech na watoto wanne, waliosimama leo nje ya ukuta huu wa makaburi. Mama Keech, mumeo hakuhubiri. Neno hili nalisema hapa kaburini, na kwa hakimu nitaliapia.

Mungu ampe Jervis pumziko. Mimi bado sijaweza. Keech alizikwa tarehe 22 Januari ile, theluji ikianguka. Watu wake walisimama kimya, hata watoto hawakulia kwa sauti. Asubuhi iliyofuata Jervis alinyoa ndevu, akavaa koti la Keech, akaenda kwa hakimu kuapa kwamba kaburini palihubiriwa.