Mama Kokwijuka Kyaruzi, Aliyeurudisha Mpaka

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, huyu tunayemzika leo katika kibanja chake, shamba lake la migomba hapa Kamachumu, ni Mama Kokwijuka Kyaruzi. Alizaliwa Kimwani, Muleba, tarehe 14 Aprili 1953, mtoto wa tatu wa Mzee Kyaruzi, mwalimu wa ubatizo, na Mama Damari. Alibatizwa akiwa mchanga. Mama yake alikuwa akisema kwamba siku hiyo alilia kuanzia mlangoni hadi baraka ya mwisho, na mchungaji akatabiri kuwa huyu hatakuwa mtu wa kunyamazishwa.

Alisoma shule ya msingi Kimwani hadi darasa la saba, mwaka 1967, kisha akajifunza ushonaji katika chuo cha kanisa. Mwaka 1971 alipata kazi Bukoba mjini, kwenye duka la Mzee Harshad, akishona sare za shule, huku akipanga chumba Rwamishenye. Mzee Harshad alimpenda kwa ukali wake. Sare yenye mshono uliopinda aliifumua mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na Nathanael Kamugisha, mfanyabiashara wa samaki, wakahamia hapa Kamachumu. Mungu aliwajalia watoto watatu: Mwesiga, Lilian na Joanitha.

Mwaka 1983 Mama Kokwijuka aliokoka katika mkutano wa uamsho. Kesho yake asubuhi wenzake wa kikundi cha waliookoka walikuja kusafisha nyumba. Walichoma hirizi ambazo mama mkwe aliwafunga watoto viunoni. Kisha wakauona mstari wa milamula upande wa chini wa kibanja. Mmea huo wa majani marefu ulipandwa na wazee mbele ya vijumba vya mizimu, lakini pia huonyesha mpaka wa kibanja na kibanja. Wao waliona mizimu tu. Wakaing'oa yote huku wakiimba, na Mama Kokwijuka ndiye aliyetangulia. Nathanael alikuwa kisiwani Bumbire kununua samaki.

Kaka wa Nathanael, Mzee Rugemalira, ambaye kibanja chake kinapakana na hiki, alikuja mbio.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimeng'oa shetani. Mimi ni huru sasa."

"Shetani gani? Umeng'oa mpaka wa baba yangu!"

Tangu siku hiyo nyumba hizi mbili hazikusalimiana. Nathanael alipofariki mwaka 1998, kaka yake alisimama upande wake wa migomba akatazama mazishi, hakuvuka. Mama Kokwijuka alimwona. Tangu hapo alipungua kucheka.

Hadithi ya milamula ilikuwa ushuhuda wake uliopendwa kuliko wote kikundini. Jioni moja ya mwaka 2001 aliombwa autoe tena. Alifika katikati, akaukatiza. Kisha akasema, "Ndugu zangu, kesho naenda kuipanda."

Mwinjilisti Philbert, kiongozi wao, aliruka kutoka kwenye benchi. "Dada, unarudi Misri?"

"Mwinjilisti, Misri ndiko niliko. Ndugu wa mume wangu hajanywa maji kwangu miaka yote hii."

"Watu watasema umerudia mizimu."

"Watasema. Zamani niliuogopa mlamula. Sasa nawaogopa wanaouchukia. Hofu ni ile ile, imebadili nguo tu. Kristo hakunitoa kule ili nije nitetemeke hapa."

"Ukipanda, hutashuhudia tena mbele yetu."

"Basi nitanyamaza. Lakini nitapanda."

Alienda mchana, njia ya sokoni, mzigo wa vipando kichwani, kila mtu akiuona. Mzee Rugemalira alimkuta mlangoni pake.

"Umekuja kung'oa nini tena? Kimebaki kitanda changu."

"Nimekuja kupanda, waitu, shemeji yangu. Nilikukosea. Nionyeshe mpaka ulikopita."

"Kwani wewe umesahau?"

"Sijasahau. Ila leo utasema wewe."

Mzee akaonyesha. Akaonyesha ndani kabisa ya kibanja cha shemeji yake, migomba minne ikaangukia upande wake. Joanitha, aliyefuatana na mama yake, alimwita mama kwa Kihaya, akanong'ona, "Mawe, anatuonea! Migomba ile ni yetu!"

"Chimba, mwanangu."

Wakachimba mpaka mstari ukaisha. Mzee hakuirudisha ile migomba, na Mama Kokwijuka hakuidai. Lakini jioni ile Mzee alivuka, akaketi kwetu, akaomba maji ya kunywa. Kikundini Mama hakupewa tena nafasi ya kushuhudia. Aliendelea kwenda, akikaa benchi la nyuma na kuimba sauti ya pili. Binti zake walipomuuliza kwa nini asihame, alijibu kwamba wale ni ndugu zake, na kwamba mtu huru hahitaji kukimbia.

Mwaka 2022 alipatikana na saratani ya koo, akatibiwa Bukoba na Mwanza. Maneno yakazuka. Baadhi ya wazee walisema mizimu inalipiza kisasi kwa sababu aling'oa milamula. Baadhi ya waliookoka walisema Mungu anamwadhibu kwa kuwa aliipanda. Alicheka mpaka akakohoa. "Mti mmoja, kesi mbili! Nipeni dawa za daktari, na mniombee. Kwa mganga siendi, na toba ya kutungiwa sitoi."

Jumapili ya mwisho alipokea Chakula cha Bwana kitandani. Lilian alimuuliza kama anaogopa.

"Maumivu nayaogopa," alisema. "Kufa sijui, sijawahi kufa. Lakini simkwepi mtu yeyote, wa mbinguni wala wa Kamachumu."

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, akiwa na miaka sabini na mmoja. Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, na shemeji yake, Mzee Rugemalira, ambaye tangu juzi amelala hapa msibani na kukataa kurudi kwake.

Mama yetu apumzike kwa amani, katika Kristo aliyemweka huru.