Mama-mkwe Atakaa Kiti Gani?

Benchi letu liko mbele ya banda langu la kahawa, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, njia ya Kabazana, na wanaume wanaolikalia wanajua kila kitu isipokuwa kuondoka. Mimi ni Annonciata, kazi yangu ni kuwamiminia na kuwanyamazisha. Asubuhi hiyo shida ilikuwa ya Nestor. Alikuwa ameona magari mawili Mbarara: stesheni wagoni ya viti vitano, yenye nafasi ndefu nyuma ya kupakia mizigo, na pikapu ya viti viwili. Muuzaji alitaka jibu kwa simu kabla ya saa sita. Nestor ana mke, Madeleine, ana watoto wawili, na anaishi na mama-mkwe wake, Nyirabizimana, ambaye magoti yake yameharibika na kila mwezi huenda hospitali Mbarara akirushwarushwa juu ya bodaboda. Mtu mwenye akili angeshapiga simu. Lakini kwetu mwanamume hamtazami mama-mkwe machoni wala hasemi naye moja kwa moja, heshima tunayoiita bukwe, na stesheni ina kioo cha ndani cha kuangalia nyuma.

— Niliikala mu ile motoka, Nestor alisema. Nikainua macho kidogo tu, nikaona kiti yote ya nyuma. Yote! Mama atakuwa pale, miye niko namuangalia mu macho toka hapa mpaka Mbarara. Ile haiko bukwe.

Vénant akakohoa. Tunamwita Shofa, kwa sababu zamani alikuwa akipakia lori njia ya Uvira. Usukani hajawahi kuugusa.

— Geuza kioo, akasema Shofa. Iangalie juu.

— Na nyuma nitaonaje?

— Nyuma kuna nini? Nyuma tulishapita.

Gad, fundi wa baiskeli tunayemwita Spana, alichoka na maneno. Alikuwa ameipima stesheni kwa kamba kule Mbarara. Akashika fimbo, akalichora gari lote kwenye vumbi, na milango yake, akapanga vigoda vyangu ndani bila kuniomba.

— Nestor, ikala ku usukani. Kigoda ya pembeni ni ya Madeleine. Shofa, wewe ni mama-mukwe. Kuya huku nyuma.

— Miye?

— Funga kitenge.

Kitenge kilikuwa changu pia. Nestor akashika sinia kama usukani, Gad akamwinulia kioo changu cha kujipambia. Nestor akatazama mara moja tu, akafunika uso.

— Namuona!

— Ni Shofa huyo, nikamwambia.

— Hata kama. Nasikia haya.

Hapo Rwakabuba, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Isingiro, akaweka kikombe chini. Yeye ni Mnyankore, na kila jambo analipitisha kwenye ng'ombe kwanza.

— Sebo, bwana, mimi nabeba ng'ombe kila siku. Wewe weka mama nyuma kabisa, kwa mizigo. Yeye naangalia Nakivale, wewe naangalia Mbarara. Hapana kukutana.

— Mama-mukwe pamoja na ndizi? Nestor akauliza.

— Ndizi iko laini.

— Tuweke rido katikati, Gad alisema. Sawa pazia ya chumba.

— Avae miwani nyeusi, Shofa akasema.

— Nani?

— Bote bawili. Na batoto pia, basiulize maswali.

— Ao ununue motoka zote mbili, Gad akasema. Wewe mu pikapu, mama mu stesheni.

— Na stesheni nani ataendesha?

Wakafikiri kwa dhati kabisa. Shofa, na kitenge chake kichwani, akainua mkono polepole.

Nestor hakucheka. Jua lilikuwa linapanda na muuzaji hangengoja.

— Basi natwaa pikapu, akasema. Madeleine na batoto bananyongana mu kiti ya mbele. Mama ataikala kule nyuma, fasi ya wazi. Tutaweka godoro chini, kioo isimufikie.

— Na mvua? nikamuuliza.

— Mwavuli.

— Ulishaona mwavuli mu motoka yenye kukimbia, wewe Nestor?

Nilikasirika kwelikweli. Nestor akatoa simu mfukoni. Ndipo Nyirabizimana mwenyewe alipotokea na fimbo yake, akitoka kutafuta bodaboda ya kesho. Nestor akageuza uso upande, kama inavyopasa. Naye mama akasimama mbali, akaongea kupitia kwangu, kama inavyopasa pia.

— Annonciata, niulizie mukwe wangu. Haba batu banachora nini?

— Motoka, mama. Banakutafutia fasi, kioo isikuonyeshe kwake.

— Na huyu wa kitenge?

— Ni wewe, mama.

Akamtazama Shofa kutoka juu mpaka chini.

— Nimezeeka hivi?

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Yeye alingoja tumalize.

— Umuulizie tena. Ile siku tulikimbia vita, magoti ilikataa, akanibeba ku mugongo mpaka tukavuka mupaka. Nilikuwa nampumulia mu shingo. Ile siku, bukwe tuliiweka fasi gani?

Sikumuulizia. Nestor alikuwa amesikia mwenyewe. Rwakabuba akatazama viatu vyake. Shofa akavua kitenge, akakikunja vizuri. Nestor machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Nyirabizimana akaja mpaka kwenye mchoro. Akazunguka, akaingilia pale Gad alipochora mlango wa mbele, akainua mguu mmoja, akapumzika, akainua wa pili, akaketi kwenye kigoda cha Madeleine, bega kwa bega na mkwe wake.

— Magoti inapata fasi hapa, akaniambia mimi. Na kioo haifike. Madeleine ataikala nyuma na batoto bake.

Nestor akabonyeza simu.

— Allo? Ndiyo, ni miye. Stesheni. Stesheni, nimesema!

Akairudisha mfukoni. Macho yake yalikuwa bado chini, lakini kwa mara ya kwanza tangu niwajue hakupitia kwa mtu.

— Mama, funga mulango.

Naye akanyoosha mkono, akauvuta, akaufunga.