Gamaliel Kisimba (1922–1956) na Kisigino Alichotengenezewa

Ndugu zetu, hata sisi wa nyumbani bado tumeduwaa. Kaka yetu Gamaliel Kisimba alizaliwa Mulongo tarehe 4 Machi 1922. Alisoma shule ya Wamethodisti hapa Kamina, akaingia kazi ya reli mwaka 1941. Mwaka 1946 alimwoa Tamar, binti wa Mama Ndaya wa Mulongo.

Februari 1953, mvua ikinyesha, aliteleza relini na gurudumu la behewa likamsaga kisigino cha kushoto. Mfupa ulivunjika, nyama ikachunika yote. Sisi tulijua mguu umekwenda. Daktari alikataa kuukata. Aliunga mfupa, kisha akainua kipande cha ngozi na nyama kwenye shavu la mguu wa kulia, akakishonea kisiginoni bila kukitenga na pale kilipotoka, kiendelee kupata damu. Miguu yote miwili ikafungwa pamoja kwa plasta kwa majuma, mpaka kipande kikashika, ndipo kikakatwa upande wa kulia. Tamar alipomwona alicheka huku analia.

“Bamekufunga miguu sawa kuku ya ku soko!”

“Basi usiniuzishe,” marehemu akamjibu.

Alitembea tena, akarudi kazini. Ila kisigino kipya hakikuhisi kitu, si moto, si msumari. Daktari akamkataza kabisa kutembea bila viatu.

Mwezi huu walikwenda Mulongo kumsalimu mama mkwe. Kufika uani, marehemu akavua viatu.

“Baba Phébé, vala viato!” Tamar akamwambia.

“Mbele ya mama mukwe? Hapana, minyi niko na haya.”

Mwiba wa samaki ukamwingia kisiginoni asijue. Alikula, akapiga soga, akatembea nao kutwa. Ulipoonekana, mguu ulikuwa umevimba na homa imepanda. Tulimfikisha hospitali tumechelewa, akafariki Jumamosi tarehe 18 Agosti 1956. Behewa zima lilishindwa kumuua, mwiba wa samaki umemuua! Inauma, na tuna hasira, tusifichane.

Kwa hasira hiyo, wengine hapa msibani wananong'ona kwamba mama mkwe amemroga. Mama Ndaya amesikia. Amesimama kule barabarani, anaogopa kukaribia.

Marehemu ameacha mjane wake Tamar, watoto Phébé na Élisée, mimi mdogo wake Noé, na mama mkwe ambaye alimheshimu kuliko alivyouhofia mguu wake. Kaka, Mungu akupumzishe. Mama Ndaya, sogea hapa karibu na Tamar. Udongo wa kwanza kaburini, uutupe wewe.