Fundi Aliyetukataza Kumwaga

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, Bwana Chifu, Mchungaji Jairus, wakulima wenzangu wa Kapkatet, wageni wetu kutoka Silibwet, na wewe Mama Dolphine Omollo tunayekuaga leo: chamgei.

Mimi Gibson Chepyegon, mwenyekiti wa kiwanda hiki, nimeombwa nimsifu fundi wetu anayestaafu. Lakini nitamsifuje kabla ya kuungama? Miaka mitano iliyopita nilisimama hapa hapa nikatoa hoja tuuze mashine. Tulikamua mbegu za krotoni, ile miti tunayopanda mipakani, tukatengeneza dizeli ya kuendesha vinu vya posho. Na dizeli hiyo, ndugu zangu, ilikuwa ghali kuliko ile inayouzwa petroli stesheni. Nani angeinunua? Mikono ikainuka, karibu yote.

Mama Dolphine akasimama, akajifuta mikono kwa aproni. "Mwenyekiti, mnauza mashine na hamjaangalia kile mnamwaga. Nipeni mwezi moja tu."

Tukampa huo mwezi. Tulimwaga nini? Mashudu, yale makapi ya mbegu, tulitupa nyuma ya choo. Na yale majimaji mazito yanayobaki dizeli ikishatoka, shimoni. Akayachemsha, akatengeneza sabuni. Ya kwanza niliogea mimi, nikanuka dizeli, na kanisani Mchungaji Jairus akaniuliza kama trekta yangu imeharibika. Ya pili na ya tatu zilikataa kuganda. Ya nne akaipeleka kituo cha kupimia majani chai, kwa akina mama waliochuma tangu alfajiri, mikono imeingia weusi. Weusi ukatoka. Chepkurui, mmoja wao, akamuuliza, "Hii unauza wapi?"

Akajibu, "Ngoja kwanza mwenyekiti aniachie mashine."

Mashudu nayo aliyaozesha, akayaweka kwenye nepia yangu, majani ninayolisha ng'ombe, mimi mpinzani wake, bila kuniambia. Nikajisifu kwa majirani kwamba najua kulima, hadi aliponionyesha gunia la mashudu yake.

Leo sabuni na mbolea zinabeba gharama ya kukamua, na dizeli yetu inauzwa kwa bei ambayo mwenye kinu anaimudu. Watu kumi na wanane wanakula kwa kazi hii. Mama, ulifanya kazi na watu waliokupigia kura ya kukupinga, na hukutukumbusha hata siku moja.

Tulipotaka kukuzawadia ng'ombe ulikataa, ukaomba miche ya krotoni ukapande kwenu Nyakach, uwafundishe akina mama wa huko kukamua. Miche mia mbili iko kwa lori. Na ng'ombe pia tumempakia.

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, asanteni sana, kongoi mising.