Kitufe cha Ramani Kisibonyezwe Leo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Birkha Rokaya, Mwenyekiti wa halmashauri yetu ya huku milimani Karnali, namaste na karibu sana. Shada la maua umevishwa, chai unayo, na mbele yako kipo kitufe cha kuzindua programu ya kuwaita wakunga. Utusamehe tukiisoma risala hii haraka. Mioyo yetu haijatulia.

TULIKOTOKA
Sisi ni vijana watano. Mwaka jana ulitupa kazi: mjamzito akishikwa na uchungu, jamaa zake wabonyeze simu, aitwe mkunga wa karibu. Hesabu za umbali hatukuziandika wenyewe. Tulitafuta maktaba ya ramani, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, tukaushonea kwenye programu yetu. Zilikuwepo tatu. Tukachagua iliyo nyepesi na nzuri machoni.

MAFANIKIO
Wakunga kumi na mmoja wamesajiliwa. Ramani hufunguka kufumba na kufumbua. Ni hayo tu.

CHANGAMOTO
Mwezi wa Magh, katikati ya baridi, tukiwa kwenye majaribio, Lalmati wa kijiji cha Dhaule alishikwa na uchungu. Programu ikamwita mkunga Dhanmaya: kilomita tatu. Maktaba yetu hupima kwa mstari ulionyooka, na mstari ule unavuka korongo lisilo na daraja. Huku kwetu hata mtoto hahesabu kilomita, anahesabu mwendo wa miguu. Sisi, wana wa milima, tulilisahau hilo mbele ya kompyuta, na aibu ni yetu. Dhanmaya alizunguka kwa muda wa saa saba kwenye theluji. Mkunga mwingine alikuwa mwendo wa saa moja, upande uleule wa Lalmati.

Mtoto hakulia.

Dhanmaya alikuja ofisini viatu vikichuruzika maji.

"Nyie wadogo zangu, mlidhani mnamtuma kunguru? Mimi nina mbawa?"

Mwenzetu Nirjala akajitetea, "Dada, ni ile maktaba..."

"Maktaba ndiyo iliyokuwa na uchungu? Haya, nenda kamwambie Lalmati!"

OMBI
Maktaba ya pili inajua njia na madaraja, lakini kila swali huliuliza mtandaoni. Mvua za mwezi wa Asar zikianza, mtandao wetu hufa. Ya tatu hukaa ndani ya simu. Ni nzito, sura yake mbaya, na njia itatubidi tuzitembee wenyewe, tuziandike kwa saa za mwendo. Tunaomba miezi miwili. Tunajua uliahidi kwenye kampeni, na waandishi wa habari wamekwisha kufika. Hata hivyo, Mheshimiwa, tunakusihi: usibonyeze. Wapo wajawazito thelathini na wanne wanaoamini tumemaliza.

Ikiwa ni lazima ubonyeze, kwanza mtazame mama wa safu ya tatu, mwenye shali ya kijani. Ndiye Lalmati. Ametembea tangu jana kuja kusikia utasema nini.

Mungu wetu Pashupatinath akujalie afya, nasi atujalie muda.

Ni sisi,
Vijana wa Ramani ya Wakunga